Saa Moja Baada ya Uji

Keith Tetlow alikuwa fundi wa mabasi katika gereji moja ya mji wa Burnley, Uingereza, kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo hakuna basi lililomshinda akakubali kwamba limemshinda. Lililokataa kuwaka Ijumaa aliliota Jumamosi, na Jumatatu likawaka. Mtu wa namna hiyo ni mzuri kuwa naye kazini. Kuishi naye nyumba moja ni habari nyingine, na Noreen mkewe alikuwa na miaka arobaini na minne ya kuisimulia.

Walipostaafu walinunua karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayofungwa nyuma ya gari na kukokotwa. Ndani mna kitanda, jiko, meza ya kukunja, na pembeni kabisa, nyuma ya mlango mwembamba kama wa kabati, choo. Kwa desturi ya wenye karavani, choo hicho ni cha usiku na cha haja ndogo tu. Kwa ile nyingine, mtu hutia taulo kwapani akatembea hadi vyoo vya kambi, akisalimiana na wenzake wanaokwenda na wanaorudi, kila mmoja akijifanya hajui mwenzake ana safari gani. Keith aliishika desturi hiyo kuliko wote, maana tangi la uchafu huchomolewa kwa nje na kwenda kumwagwa, na kazi hiyo ni ya mume.

Mwaka huu aliivunja kwa mdomo wake mwenyewe. "Choo cha ndani ni chako," alimwambia mkewe. "Mchana na usiku, kikubwa na kidogo. Mimi sikanyagi humo."

Oktoba iliyopita Noreen alikatwa kipande cha utumbo. Madaktari walifurahi, wakasema ugonjwa wote umetoka. Lakini utumbo uliobaki haukujua subira. Ulikuwa ukibisha hodi mara moja, na baada ya hapo una dakika mbili, si tatu. Januari ulimbishia hodi kwenye foleni ya duka kubwa, mikono imejaa vitu, watu wamemtangulia na watu wako nyuma yake. Alirudi nyumbani kwa miguu, koti amelifunga kiunoni, akamwambia Keith, "Usiniulize." Keith hakumuuliza. Tangu siku hiyo mwanamke aliyekuwa hakosi kwaya wala mnada wa vitu vikuukuu akawa haendi hata kwa dada yake mtaa wa pili. Alikaa dirishani. Akisikia kengele ya mlango, alisema, "Waambie nimelala."

Kumtoa nyumbani kulimgharimu Keith Aprili nzima.

"Nitakuja," Noreen alisema mwishowe, "kwa sababu ya choo. Ni hatua tatu toka kitandani. Lakini nakwambia mapema, Keith. Kikiniaibisha mara moja, siku hiyo hiyo unafunga gari tunarudi, na karavani unaiuza."

"Hakitakuaibisha."

"Mara moja tu, Keith."

Ndivyo walivyofika kwenye kambi moja ya pwani ya Northumberland, karibu na mpaka wa Scotland, wakasimika hema lao la mlangoni, wakakaa. Siku ya tisa ilikuwa Jumatatu, sikukuu ya mwisho wa Mei, upepo unapiga toka baharini na maduka ya vipuri vya karavani yamefungwa. Noreen alikuwa hajatoka nje ya kambi. Kulikuwa na njia ya kupita juu ya majabali hadi mkahawa wa chai, yenye mageti manne ya kuzuia kondoo, na kila asubuhi aliitazama njia hiyo kama mtu anayetazama picha ya nchi ya watu. Lakini alikuwa anakaa nje, uso umeanza kupata rangi. Na Keith naye alikuwa amebadilika. Zamani alipiga tarumbeta kubwa katika bendi ya gereji, na tarumbeta lilipouzwa akawa analipiga kwa mdomo, popo-popo-pooo, kila anapofanya kazi ndogo ndogo. Sauti hiyo ilikuwa imekufa Oktoba. Siku ya tatu ya kambi ilifufuka, bila mwenyewe kujua.

Sasa sikia. Utumbo wa Noreen ulikuwa mkorofi lakini ulikuwa na saa. Saa moja baada ya uji wa asubuhi, ukipungua ni dakika tano, ukizidi ni dakika tano. Jumatatu hiyo walimaliza uji saa mbili na robo. Noreen akachukua kiti chake, kalamu na gazeti la mafumbo ya maneno, akaketi ndani ya hema la mlangoni. Keith akazunguka upande wa pili wa karavani na chupa yake ya maji yaliyotiwa dawa ya rangi ya waridi inayonukia kama peremende, ili ajaze tangi dogo la kuflashi.

Alimimina. Maji yakamrudia papo hapo, yakamlowesha ndara. Tangi lilikuwa limejaa pomoni.

Alhamisi ilikuwa hivyo hivyo, naye alicheka peke yake, akasema Noreen kwa kubana matumizi hajambo. Leo kicheko hakikuja. Aliingia ndani kwa kunyata, akafungua mlango wa choo, akabonyeza kitufe.

Kimya. Akabonyeza tena kwa dole gumba, kwa nguvu, utadhani kitufe ni kiziwi. Kimya kile kile.

Jasho lilimtoka Keith asubuhi ya baridi. Pampu imekuwa ikichoka, alijiambia, ikitoa maji kidogo kidogo, na usiku huu imekata roho. Noreen hajajua bado. Atajua saa tatu na robo. Akaangalia saa: saa mbili na dakika ishirini na saba. Kwa fundi ni muda wa kutosha. Na hapo ndipo fundi alipokosea, kosa la mafundi wote duniani: chombo kikiharibika hukiuliza chombo, asimuulize mtu anayekitumia.

Kabla hajatoka aliona jagi la plastiki la kijani limekaa sakafuni nyuma ya bakuli la choo. Ni jagi la kujazia birika. Masikini, akasema moyoni, siku hizi anasahau anapoweka vitu. Akalichukua, akatoka nalo, akaliacha kando ya pipa la maji. Kisha akaenda kabatini kukagua fyuzi. Fyuzi nzima, zote nane, zinang'aa.

Akarudi upande wa pili, akapiga magoti kwenye majani yenye umande, akafungua kimlango cha nje. Alichomoa tangi la uchafu akaliweka kando. Akaingiza mkono hadi begani, akaipapasa pampu, akaanza kulegeza skrubu kwa kugusa tu.

Katika kambi yoyote ya karavani, mwanamume akipiga magoti mbele ya kimlango cha nje, wanaume wengine huja. Hawaitwi. Huja na vikombe vyao vya chai, wakasimama nyuma ya mtu, wakapumua.

"Kimekufa?"

Keith alijigonga kisogo. Alikuwa Trevor Sugden wa karavani ya jirani, mtu wa Yorkshire, watani wa jadi wa Lancashire ya kina Keith, muuza mbao mstaafu, ambaye Mungu alipomgawia sauti alisahau kumpa ya chini.

"Trevor! Sauti!"

"Nimesema kimekufa tu."

"Umesema mpaka Scotland wamesikia."

Trevor akachutama, akachungulia. "Nyie watu wa Lancashire nanyi! Mmekijua choo juzi tu, mnataka na cha umeme."

"Na wewe, bahili wa Yorkshire, umekuja na kikombe kitupu ili nikujazie, si ndiyo? Nyamaza, Trevor. Nakuomba. Noreen asijue."

"Asijue? Asijue kwamba choo chake mwenyewe kimekufa?" Sauti ikapanda tena. "Mke wangu mimi nikipiga chafya Leeds yeye anaisikia akiwa—"

"Trevor."

Keith hakuwa na namna ya kueleza bila kutoa siri isiyo yake. Alimtazama tu jirani yake, skrubu moja mdomoni, na sijui Trevor aliona nini katika uso ule. Aliweka kikombe chini. Akapiga magoti, akachukua tochi, akamulika ndani bila neno.

"Keith!" Sauti ya Noreen ilitoka upande wa pili. "Uko wapi?"

"Naangalia gesi!"

"Gesi si iko mbele?"

"Naangalia... mpira wake unakopita!"

"Haya," alisema Noreen, kwa sauti ya mtu asiyeamini hata kidogo.

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi na mbili. Pampu ilitoka, ndogo kama ngumi ya mtoto, ikidondosha maji ya waridi. Keith aliiunganisha na betri ya akiba kwa nyaya mbili, na pampu ikanguruma palepale. Nzima! Kwa mara ya kwanza maishani mwake alichukia kukuta kitu kizima. Kama pampu ni nzima na fyuzi ni nzima, ubaya uko kwenye waya, na waya ulipita ndani, nyuma ya bakuli, chini ya ubao uliofungwa kwa skrubu sita.

"Rudisha pampu," alimnong'oneza Trevor. "Unaweza?"

"Nimeuza mbao, Keith."

"Isukume tu ikae. Skrubu baadaye."

Aliingia ndani kwa kunyata tena. Kupitia kitambaa cha mlango alimwona Noreen amekaa, gazeti magotini, kalamu haiandiki. Alikuwa amelaza mkono mmoja tumboni. Keith akaijua ishara hiyo. Hiyo ilikuwa hodi ya mbali, ya kusafisha koo.

Choo cha karavani hakikutengenezwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye magoti mabovu kupiga magoti. Alijisokota humo, kichwa chini ya beseni la kunawia, mguu mmoja nje ya mlango, akazifungua skrubu. Mbili zilitoka vizuri. Ya tatu ilizunguka bila kutoka. Aliivunja kwa koleo. Ya nne, ya tano, ya sita. Ubao ulipoanguka aliushika kwa paji la uso usije ukapiga kelele.

Akaona.

Kiungio cha waya kilikuwa kimelika, kijani kibichi, unga mtupu. Juu yake kulikuwa na kiwiko cha plastiki cha bomba la maji ya kuflashi, na kwenye kiwiko ufa mwembamba kama unywele, na kwenye ufa tone moja la maji limening'inia. Wakati anatazama lilidondoka, likatua juu ya waya. Matone ya namna hiyo, moja kwa saa nyingi, yalikuwa yakitua hapo tangu barafu ilipoyeyuka Machi.

Keith hakuhitaji kuambiwa ufa ule umetoka wapi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zinaporudishwa nyuma Uingereza nzima kwa majira ya baridi, ndiyo siku yake ya kumwaga maji yote ya karavani ili baridi isiyagandishe na kupasua mabomba. Miaka kumi alikuwa hajaikosa siku hiyo, mvua inyeshe isinyeshe. Mwaka jana Jumapili hiyo alikuwa kwenye kiti cha plastiki, korido ya hospitali, anasubiri mlango ufunguliwe. Alikuja kukumbuka Desemba, akakimbia akafungua koki zote, isipokuwa ile ndogo ya tangi la kuflashi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, lakini hawakusema ufanye nini kama ufa wenyewe umeuleta wewe. Mtu mmoja tu duniani alimtegemea kwa choo hiki, na yeye ndiye aliyekiua.

"Keith."

Noreen alikuwa mlangoni mwa karavani. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Keith, toka."

"Dakika moja, mpenzi, kuna—"

"Sina dakika. Toka sasa hivi."

Saa tatu na dakika nne! Utumbo umemwibia dakika kumi na moja. Keith alijaribu kurudi kinyumenyume, goti likakataa. Alijisukuma, akagonga beseni, ubao ukaanguka kwa kishindo. Ndipo alipokumbuka kitu kilichomtoa pumzi: tangi la uchafu lilikuwa nje kwenye majani. Chini ya bakuli hakukuwa na kitu ila shimo.

"Trevor!" alipiga kelele, siri au si siri. "Tangi! Rudisha tangi!"

"Trevor?" Noreen alisema. Uso wake ulikuwa umegeuka majivu. "Trevor yuko humo?"

"Yuko nje. Trevor, tangi!"

Kitu kilikwaruza upande wa nje, kikakwama, kikatolewa, kikarudishwa. Noreen alikuwa ameshika ukingo wa kabati kwa mikono miwili, macho ameyafumba, midomo inahesabu. Kisha ikasikika ile sauti tamu kuliko sauti zote za dunia siku hiyo: tak. Tangi limekaa.

Keith alijirusha nje ya choo kama gunia. Noreen alimruka akaingia, na mara akatoa kichwa.

"Jagi langu liko wapi?"

"Jagi gani?"

"La kijani! Lilikuwa hapa. Keith, jagi!"

"Mimi... nililitoa, nilidhani ume—"

"Lilete!" Mlango ukafungwa.

Akakimbia. Mtu wa miaka sabini na mbili, goti moja bovu, ndara zimelowa, alizunguka hema la mlangoni akaruka kamba mbili za hema, ya tatu ikamkamata mguu akaenda chini, akainuka. Jagi lilikuwa pale alipoliacha kando ya pipa. Alilichovya, likajaa, akarudi nusu likimwagikia kifuani. Mkono ulitoka kwenye upenyo wa mlango, ukalinyakua, ukazama.

Trevor alikuwa amesimama upande wa pili, chini kabisa ya kidirisha cha choo, mikono haijui iende wapi. Halafu alifanya jambo ambalo Keith anamheshimu kwalo mpaka leo. Aligeuka, akaenda katikati ya njia ya kambi, akaanza kumweleza mtu wa karavani ya tatu habari za hali ya hewa ya siku nne zijazo. Alimweleza mvua, akamweleza upepo na mwelekeo wake, kwa sauti ile aliyopewa, na kambi nzima haikuweza kusikia kitu kingine chochote kwa dakika tano.

Keith alikuwa ameketi kwenye kingazi cha mlango. Habari za Trevor za hali ya hewa zilipokwisha, alisikia nyuma yake maji yakimiminwa kutoka kwenye jagi: taratibu, kwa kituo, kwa kuzungusha. Yalimiminwa na mkono ulioizoea kazi hiyo. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na Keith sasa ndipo alipoisikia kata ikisema.

"Tangu lini?" aliuliza, bila kugeuka.

Mlango mwembamba ukajibu. "Jumanne."

"Jumanne! Noreen, leo Jumatatu."

"Najua siku, Keith. Nilikatwa utumbo, sikukatwa kichwa."

"Siku sita unabeba maji kwa jagi?"

"Usiku nalijaza ukishaanza kukoroma. Wala si kazi, unakoroma mapema."

Alitaka kucheka, hakuweza. "Lakini ulisema mara moja tu. Ulisema kikikuaibisha mara moja, tunarudi. Mimi nimekuwa humo asubuhi yote kama mwizi, nimemwingiza Trevor, nimedanganya habari ya gesi..."

"Nilijua hukuwa kwenye gesi."

"Kwa nini hukusema?"

Noreen alipojibu, sauti yake ilikuwa karibu sana, kama mtu aliyeegemeza kichwa mlangoni.

"Jumanne nilibonyeza, kimya. Nikabonyeza tena. Nikakaa hapa hapa nikalia, Keith, nikalia kweli. Nikasema basi, ndiyo imekwisha, namwita, tufungashe turudi, na sitoki tena. Nikafungua hiki kidirisha nikuite. Ulikuwa nje unafuta vioo vya gari. Ulikuwa unapiga lile tarumbeta lako."

Keith alishika magoti yake.

"Nilikuwa sijalisikia tangu Oktoba," Noreen alisema. "Wewe hukujua umeacha. Mimi nilijua. Kila siku pale hospitali nilikuwa nangoja ulipige hata kidogo, nijue mambo si mabaya. Nikafunga kidirisha, nikaenda kuchukua jagi."

Hakuna basi lililowahi kumnyamazisha Keith Tetlow hivyo. Alikaa akitazama kondoo wa watu huko kwenye majabali, na hakuwaona.

"Ningekitengeneza Jumanne hiyo hiyo," alisema mwishowe.

"Ungekitengeneza. Halafu ungekaa wiki nzima unakisikiliza kila nikiingia, umekunja uso kama daktari. Nimechoka na nyuso za madaktari."

"Ni mimi niliyekiharibu," Keith alisema, na maneno yakatoka yakigongana. "Oktoba sikumwaga maji. Kiwiko kimepasuka kwa baridi. Miaka yote sikuwahi kusahau, na mwaka huo ambao wewe—"

"Ulikuwa kwenye kile kiti cha plastiki." Mlango ulifunguliwa. Noreen alisimama, nywele zimemvurugika, jagi tupu mkononi. "Kila nilipoamka ulikuwa kwenye kile kiti. Najua ulikuwa wapi Oktoba, wewe mwanamume. Haya, nionyeshe huo waya."

Walifanya kazi hiyo wawili, mle chooni pasipotosha hata mmoja. Noreen alishika tochi na kuhesabu skrubu. Keith akakata sehemu yote iliyoliwa, akaumenya waya mpaka shaba nyekundu ikaonekana, akasokota, akafunga tepu, na safari hii kiungio akakipandisha juu ya bomba, mahali ambapo tone halifiki. Kiwiko akakizungushia tepu mara saba, kishikilie mpaka maduka yafunguliwe. Hawakusemezana sana. "Kushoto." "Hapo?" "Juu kidogo." Hivyo ndivyo walivyokuwa wakirudisha karavani kinyumenyume, yeye usukani, Noreen nyuma akipunga mikono.

"Bonyeza," Keith alisema.

Noreen aliweka kidole, hakubonyeza.

"Na kikikataa?"

"Kikikataa, jagi lipo."

Akabonyeza. Pampu ikanguruma, ikakohoa hewa, na maji ya waridi yakazunguka bakuli yote.

"IMEWAKA!" sauti ilinguruma toka nje.

Noreen aliganda. Rangi ilimpanda shingoni hadi masikioni, na Keith akaogopa tena, woga ule wa kwanza kabisa. Mtu baki anajua. Aibu ndiyo hii sasa, imekuja kwa mlango mwingine, baada ya kazi yote. Alimtazama mkewe akivuta pumzi, akiitoa. Kisha Noreen akainama, akafungua kidirisha cha choo, akatoa kichwa.

"Trevor."

"Noreen." Kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwake, Trevor alinong'ona.

"Mvua ni lini?"

Trevor alimeza mate. "Alhamisi. Alasiri."

"Asante. Lete hicho kikombe chako, kimekaa kitupu tangu asubuhi."

Walikunywa chai watatu ndani ya hema la mlangoni, na biskuti, na habari ya choo haikutajwa. Trevor alipoondoka Noreen alisuuza vikombe. Alikausha mikono kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Kisha akatoa koti lake la mvua kabatini, lile lile la Januari, akalivaa, akafunga vifungo vyote.

Keith alisimama.

"Usiseme kitu," Noreen alisema. "Na usitembee sambamba nami kama muuguzi. Kaa nyuma. Piga tarumbeta lako, nijue uko."

Alitoka kambini, akashika njia ya majabali. Upepo ulikuwa mkali, koti likimpigapiga mapajani. Keith alimfuata hatua kumi nyuma. Alijaribu kupuliza, ikatoka pumzi tupu. Noreen hakugeuka, ila alipunguza mwendo. Akajaribu tena. Popo. Popo-pooo.

Geti la kwanza Noreen alilifungua, akapita, akaliacha wazi kwa ajili ya Keith. Huko mbele hakukuwa na choo, hakukuwa na kichaka, ni majani na kondoo na anga. Alifika geti la pili. Akaweka mikono yote miwili juu ya ubao wake, akasimama, tumbo limegusa geti, akisikiliza ndani yake mwenyewe. Keith naye alisimama. Akaendelea kupuliza.

Noreen aligeuka. Machozi yalikuwa yanamtoka, huenda ni upepo.

"Leo hapa," alisema. "Kesho la tatu."